Malalamiko Rasmi Juu ya Udongo Uliokuwa Unapumzika

Kwako Mama mkwe, mheshimiwa sana,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nyumbani si kwema. Baada ya salamu, nakuletea malalamiko rasmi dhidi ya binti yako, ambaye hii ni wiki ya tatu yuko kwako kwa sababu ambayo hata kuiandika naona haya. Si ulevi, si mwanamke mwingine, si kipigo. Udongo, Mama! Nimeyapanga malalamiko kwa namba, kama nipangavyo madebe kwenye stoo ya kiwanda cha rangi ninakofanya kazi, usije ukaambiwa mkweo anaropoka.

1. Binti yako hatupi kitu. Udongo wa kwenye vyungu vya kibarazani, na wa lile sanduku kubwa la mbao analopandia mchicha, ulikuwa umetumika miaka na miaka. Umeshuka, umekauka, ukiumwagia maji yanapita pembeni kama hayakuuona. Mimi ni mtunza stoo: kilichochoka kinatoka, kipya kinaingia. Nilimshauri kwa upole kabisa. Akanijibu kwamba haujafa, una njaa tu.

2. Basi akaanza kuulisha. Aliumwaga wote juu ya turubai, akachambua mizizi mikavu, akauchekecha kwa chekeche langu la unga (nasema langu kwa kuwa mkate nakula mimi), akachanganya samadi, mboji na maganda ya mayai yaliyopondwa. Ikawa akirudi kutoka kazini kwake kwenye cherehani, kabla hajaniuliza nimeshindaje, anachota konzi moja, anaifinya, anainusa. Mimi nimenuswa lini?

3. Halafu akaufunika gunia, akasema usiguswe, unapumzika. Unapumzika! Mimi nabeba madebe ya rangi siku sita kwa wiki na sijaona mtu akinifunika hata shuka. Nilivumilia, nikawa naruka gunia kwenda bafuni kwangu mwenyewe.

4. Hapa ndipo wema wangu ulipogeuzwa kosa. Siku moja hayupo, niliwaita wazoa taka wakauondoa wote. Nikamnunulia mpya wa mifuko, mifuko yenyewe ina picha ya nyanya kubwa kuliko kichwa changu. Nikakaa kibarazani kusubiri shukrani. Alirudi, akainua gunia, akakuta patupu. Hakulia wala hakufoka. Aliniuliza taratibu: “Na mimi niliyechakaa humu ndani, zamu yangu lini?” Mama, mimi si mwongo. Nilimjibu kama ninavyowajibu watu dirishani wakiulizia mzigo: “Wewe bado.” Wallahi nilidhani nimemsifu. Akachukua begi.

5. Sasa huo udongo mpya. Ukimwagiliwa unaganda juu, chini mkavu. Mchicha ulichomoza wa njano, ukalala, ndiyo basi tena. Nikaenda kumfokea muuzaji. Akanitazama kwa huruma, akasema huo hautumiki peke yake, nichanganye na wa zamani. Wa zamani nitautoa wapi, jamani? Nimekwenda mpaka jalalani na koleo, nimevaa viatu vya kazini, nikakuta malundo ya udongo, yote rangi moja. Niliishi na udongo ule miaka yote hiyo na sikuweza kuutambua. Nilirudi na koleo langu likiwa safi. Watoto wa jirani walicheka.

6. Kazini nako meneja ameniletea mtunza stoo mwingine, mwenye meno yote, nimwonyeshe rafu, eti stoo inahitaji damu mpya. Nikamuuliza, kwani mimi ndio basi? Akanigonga bega, akacheka: “Wewe bado.” Tangu siku hiyo usingizi sina. Nashangaa mtu mzima, mwenye mke na watoto, anapata wapi roho ya kumwambia mwenzake maneno kama hayo. Na hili pia namlaumu binti yako, maana angekuwepo ningemsimulia.

Kwa hiyo naomba hatua kali zichukuliwe. Aonywe mbele ya wazee. Akiri kwamba kitu kipya ni bora kuliko cha zamani, halafu anieleze vizuri udongo wa zamani unachanganywa vipi, maana hapo sikumsikiliza. Kisha arejeshwe nyumbani katika hali ileile aliyotoka nayo, bila kupunguzwa chochote, pamoja na chekeche.

Nisalimie mashemeji wote, hata yule aliyenikatia simu, na majirani zako wa pande zote mbili. Binti yako usimsalimie. Akiuliza, mwambie sikumuulizia.

Ni mimi mkweo niliyedhulumiwa kwa kutenda mema,
Bwana Stoo

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe, na mstari huu nauandika nikiwa nimesimama nje ya geti lako na ndoo tupu. Nimechungulia nikaona amekwishajaza udongo kwenye vyungu vyako vya zamani na kuvifunika. Mwombe anigawie ndoo moja. Ikijaa sitaiweza peke yangu, na mgongo wangu anaujua yeye, kwa hiyo itabidi anishikie upande mmoja mpaka nyumbani. Wowote alioutumia utanifaa. Mpya ninao, Mama, na siutaki.