Pedali Iliyosikia Gesi

Habari hii nimepewa na Idrisa mwenyewe, Ijumaa ya juzi, tukibangua korosho barazani kwangu Magomeni ya Mtwara. Alijicheka mpaka ungo ukapinduka.

Mkewe Farida alikwenda msibani Newala, akaacha cherehani yake na vitambaa vya magauni kumi na mawili ya wasichana wanaotoka unyagoni Jumamosi. Idrisa, mwenye akili nyingi zisizo na kazi, akaiweka cherehani rehani kwa mwanamuziki mmoja wa Chikongola, akapewa gitaa la umeme, spika ya betri na pedali ya kukanyagia. Angepiga kwenye harusi mbili, kisha angeikomboa kabla Farida hajarudi. Kikwazo kilikuwa kidogo tu: hakujua kupiga gitaa.

Ila pedali ilimlevya. Ukigusa uzi mmoja ukakanyaga, sauti haitulii. Inazunguka, inazama, inaibuka. Zungusha kitufe kushoto, ni bahari ndani ya kombe. Kulia, ni chungu cha kunde kinachemka. Siku moja spika imelala chini uani, jirani yake Shabani akachungulia.

"Njomba, gesi hiyo inalia wapi?"

Sisi tangu gesi ipatikane Mnazi Bay, kila kinachokoroma ardhini ni gesi, na kila gesi ni fidia. Idrisa hajawahi kumvunja moyo mtu anayetaka kudanganywa.

"Chini ya choo chako," akasema. "Lakini ni kidogo, usihangaike."

Shabani hakula mchana huo. Kesho yake Idrisa alikuwa njiani amevaa kofia ngumu ya njano kama mtaalamu wa gesi, gitaa na spika vimefunikwa gunia.

Akafikia kwa Mzee Hemedi, mwenye mikorosho sitini na kinyongo kimoja: bomba la gesi lilipita kwa jirani, yeye hakuambulia hata salamu. Idrisa akachomeka waya mchangani, akapenyeza kidole chini ya gunia, akakanyaga. Uuu-waaa-uuu.

"Inapumua, mzee wangu! Kipimo ni mbuzi wawili tu." Mbuzi wawili ndio waliotakiwa kuikomboa cherehani.

Mzee akafumba macho. Akainama, akakisogeza kitufe cha pedali nukta moja, sauti ikawa tamu hata Idrisa nywele zikamsimama.

"Naona hapa ndipo inapovuta," mzee akasema.

"Hapo hapo! Inavuta mpaka vyuma inameza!" Mtaalamu wa jana hajui pa kunyamazia.

Mara mashine ya kupulizia salfa ikanguruma: vijana wa mzee wanatibu mikorosho. Salfa ikikuingia machoni utalia kuliko mfiwa.

"Kimbia, njomba! Acha vyombo, salfa haiibi!" mzee akapiga kelele.

Idrisa akakimbia. Nyumbani kwa mzee akalishwa ugali wa muhogo na samaki wa nazi, akaongezewa, akaongezewa tena. Vumbi lilipotua wakarudi shambani. Palikuwa na shimo mchangani na kipande cha waya.

"Mzee, vyombo vyangu!"

"Yallah! Si ulisema inameza vyuma?" Mzee akarudi nyuma hatua tatu. "Mjukuu wangu, na mimi nina meno mawili ya chuma. Tutoke hapa!"

 Idrisa akikana gesi, amejikana mwenyewe. Akasaidia kulifukia shimo.

Siku ya pili Shabani akamletea habari. "Umesikia? Mzee Hemedi, yule aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi zamani, kaalikwa kupiga Jumamosi. Kapata kipedali, sauti inazunguka mpaka kina mama wanalia!"

Naye Farida aliyapata yote stendi, kabla hajashusha begi.

"Baba, cherehani yangu iko wapi?"

"Mke wangu, ile gesi..."

Farida akamkabidhi sindano. "Magauni kumi na mawili, kwa mkono. Mimi nakata, wewe unashona. Neno gesi nisilisikie humu."

Walikata na kushona siku tatu. Ijumaa alasiri Farida akanyoosha mgongo mkekani, usingizi ukamchukua pale pale. Idrisa akakata uzi wa gauni la kumi na mbili, akainuka kwa ushindi, gauni likainuka naye. Alikuwa amelishonea kwenye suruali yake, toka gotini mpaka kiunoni, kwa mshono mzuri kuliko wa yale mengine yote kumi na moja.

Akautazama mshono. Akamtazama Farida. Akajilaza taratibu pembeni yake, akajifunika lile gauni, akalala.