Saa Sabini na Mbili za Mhamasishaji Kornelio

Jumatatu, 12 Mei 2025

Wenye kiwanda cha kondomu wananitafuta ubaya! Jana imepasuka. Mpya kabisa, nimeitunza mwenyewe ndani ya kava la tandiko la baiskeli tangu Krismasi, mahali ambapo hata wanangu hawafiki. Ida, mke wangu, hana raha. Mtoto wetu wa nne ana miezi saba, alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alimwambia Ida apumzike miaka miwili. Asubuhi akasema twende zahanati tukachukue vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, sasa hivi.

Nikamwambia atulie. Nani mhamasishaji wa uzazi wa mpango hapa Kimamba? Nani mwenye fulana na kipaza sauti? Vidonge vina siku tatu, na leo ni ya kwanza tu. Halafu zahanati yupo nani? Muuguzi Scholastica! Yule yule aliyeninyang'anya kipaza sauti gulioni mwezi jana, eti nimekosea. Nimpelekee mwenyewe habari kwamba kondomu ya mhamasishaji imepasuka? Thubutu! Nitanunua Mikumi, ambako sijulikani. Ida akaniangalia, akajifunga kanga, akasema anakwenda sokoni. Amenielewa.

Jumanne, 13 Mei

Gulio. Nikatangaza kwamba akina mama wasikimbizane na vidonge vya dharura, siku tatu ni nyingi. Mara kipaza sauti hakipo mkononi. Scholastica! Akasema siku tatu si ruhusa ya kusubiri, kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. Akasema vidonge hivyo havitoi mimba iliyokwisha kuingia, havizuii UKIMWI, na si vya kumeza kila wiki. Wakampigia makofi. Kipaza sauti nimebeba mimi, makofi apigiwe yeye!

Njiani nikahesabu kwa vidole. Kesho jioni muda unakwisha. Nilimkumbuka Ida akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, nikaogopa kweli. Lakini kwa Scholastica siendi.

Jumatano, 14 Mei

Bodaboda mpaka Kilosa, gari mpaka Mikumi. Duka la dawa lina binti mmoja mpole. Nikafungua mdomo. Nyuma yangu nani? Mama mkwe! Katoka Zombo kuja kumtazama mwanawe Abeli. Mikumi yote hiyo! Kwetu mbele ya mkwe mtu hataji hata tumbo la kuhara, sembuse hili. Nikainamisha macho, nikatoa shikamoo kwa mbali. Akaitikia marahaba. Nikanunua panadol.

Nikazunguka jengo, nikarudi. Amekaa kwenye benchi. Nikanunua plasta. Nikazunguka tena. Yupo! Nikanunua dawa ya minyoo. Saa nane ikapita.

Hapo mama mkwe, bila kunitazama, akamwambia yule binti amweleze huyo baba kwamba vidonge anavyovizunguka mkewe alishavimeza tangu Jumatatu asubuhi, kwa muuguzi Scholastica. Na kwamba Ida alimpigia simu kumweleza yote. Duka zima likasikia. Kumbe ndilo soko alilokwenda!

Nilifurahi, sikatai. Karibu nilie. Kisha hasira ikapanda. Nimesafiri kutwa, nimeaibika mbele ya mkwe, kwa jambo lililokwisha siku mbili zilizopita! Na hakuna aliyeona haja ya kumwarifu mhamasishaji!

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwambia Ida kwamba katika nyumba hii mambo ya uzazi yapitie kwanza kwa mtaalamu. Amecheka mpaka akakaa chini. Akasema mtaalamu ameshampangia, wiki ijayo anawekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango. Alimaanisha Scholastica.

Huyo Scholastica amenitumia pakiti mpya za kondomu za kufundishia, pamoja na karatasi. Imeandikwa: zihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua, zisikaliwe. Matusi gani haya! Mimi nifundishwe kutunza kondomu, mimi mwenye fulana? Karatasi nimewashia jiko.

Kesho nawahi gulio la kijiji cha Ulaya, hapa hapa Kilosa, watu wa kule hawajaharibiwa na makofi. Nitawafundisha uhifadhi bora. Pakiti zote nimeshazisokomeza ndani ya kava la tandiko, nimelikalia kidogo ili zijipange, na baiskeli nimeiegesha juani ili ndani pawe pakavu.