Dakika Mbili na Sekunde Kumi na Sita

Jumatatu, 17 Novemba

Habari kubwa. Mwalimu mlezi wa klabu ya picha ametangaza shindano. Mada ni utulivu. Picha ipigwe ndani ya uzio wa shule na iwasilishwe Jumatatu ijayo. Mshindi atakaa na kamera ya klabu nyumbani kwake likizo nzima, kama yake.

Kwetu hakuna aliyewahi kuwa na kamera. Likizo ni siku thelathini na nne. Nimezihesabu mara mbili.

Wazo nililipata kabla mwalimu hajamaliza kusema. Wengine watapiga maua. Mimi nitapiga uwanja wa shule wakati wa mapumziko, wanafunzi mia sita wakiwa ndani yake, na pichani hataonekana hata mmoja. Mwalimu alishatufundisha. Ukiweka kichujio cheusi mbele ya lenzi, mwanga unapenya kwa shida, kamera inabidi ibaki wazi muda mrefu, na kila anayetembea anafutika. Hubaki kisichosogea tu.

Klabu ina vichujio viwili. Cha kwanza hupunguza mwanga hatua tatu, na kila hatua hukata mwanga nusu. Hakinifai, watu wangebaki kama masizi yaliyopanguswa kwa kiganja. Cha pili hupunguza hatua kumi. Hicho ndicho. Nimefika kabatini, nimekuta Kamusi ameshakisaini kwenye daftari la kuazima. Kamusi ni msichana mwenzangu wa klabu, anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuulizwa jambo akakosa jibu. Atapiga maji yanayofurika kwenye tangi, yaonekane kama pamba. Ameniambia pole, dada, ndiyo hasara ya kuwaza polepole.

Nimetabasamu kwa heshima. Kisha nikaenda chooni kukasirika.

Jumanne, 18 Novemba

Nina mjomba fundi wa kuchomelea vyuma. Leo nimepita karakanani kwake kuomba kile kioo cheusi cha kwenye kinyago cha kuchomelea. Akaniuliza nataka kuchomelea nini. Nikamweleza habari za mwanga kwa utaratibu, kama dakika kumi. Akamgeukia mwenzake na kumwambia, umemsikia huyo? Baba yake alikuwa hivyohivyo, na yeye tulimwacha aongee hadi akaoa dada yetu.

Amenipa kioo cha akiba. Masharti mawili: kisivunjike, na mama asijue kimetoka kwake, kwa kuwa mama hajasahau yale ya lenzi ya kukuzia na pazia la sebuleni lililoungua.

Pembeni ya kioo imeandikwa 10. Kumi! Hatua kumi, sawasawa na kichujio cha klabu. Sikuona haja ya kuuliza zaidi. Nimekifunga mbele ya lenzi ya kamera niliyoazimwa na klabu hadi Ijumaa jioni, kwa vibanio vinne vya mpira vya nywele. Kinakaa vizuri mno.

Hesabu: bila kioo, kamera inataka sehemu moja ya sitini ya sekunde. Zidisha kwa mbili mara kumi. Sekunde kumi na saba. Nimejisikia msomi.

Jumatano, 19 Novemba

Siku mbaya.

Kwanza, nilifunga kioo kabla ya kuweka fokasi, yaani kulenga lenzi hadi picha iwe kali. Kupitia kioo kile sikuona kitu, na kamera nayo haikuona. Lenzi ikawa inakwenda na kurudi kama mtu anayepapasa miwani kitandani. Nikafungua, nikaweka fokasi, nikaifunga isibadilike, nikarudisha kioo. Sekunde kumi na saba.

Picha ikatoka nyeusi. Kwa kukaza sana macho, unaona ukingo wa paa. Kamusi akachungulia begani kwangu. Akasema utulivu upo wa kutosha, kilichokosekana ni shule.

Mwalimu amekishika kioo, akakigeuza, akauliza kama niliwahi kukipima. Nikasema kimeandikwa. Akasema namba ya mafundi hulinda macho ya mafundi, haijui chochote kuhusu kamera. Kumi yao si kumi yetu. Akanielekeza nirudie picha ileile, kila mara nikiongeza muda maradufu, mpaka mwanga ukae sawa. Nimeongeza mara tatu ndipo ukuta ukaonekana ukuta. Kwa hiyo ni hatua kumi na tatu. Dakika mbili na sekunde kumi na sita.

Kioo changu kina giza kuliko cha Kamusi mara nane. Siku haikuwa mbaya kama nilivyoandika.

Alhamisi, 20 Novemba

Majaribio nyumbani, asubuhi kabla ya shule. Picha zote zimetoka za kijani. Mama ametazama picha ya kibaraza chake na kuuliza ni lini kimeota kuvu. Kisha akauliza kioo nimekipata wapi. Nikasema klabu ina vichujio vingi. Ni kweli, ina viwili.

Mwalimu anasema niigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, kijani kitajifia chenyewe. Tena nifunike tundu la kuchungulia kwa kofia, maana mwanga huingia pia kwa nyuma.

Kwa tahadhari, nimejaribu kupata kichujio cha klabu. Nimemwambia Kamusi nitafagia zamu zake wiki mbili. Akajibu kwamba anapenda kufagia. Hakuna mtu anayependa kufagia. Ule ni uadui.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimepiga.

Stendi ya kamera nimeikita kwenye ngazi za maktaba na kuining'inizia mkoba wa vitabu isiyumbe. Fokasi kwanza. Kioo. Kofia. Kengele ya mapumziko ikalia, mia sita wakamwagika uwanjani. Nikabonyeza, nikainamia saa ya mama, sikuinua uso hata mara moja.

Mia sita wamefutika. Uwanja mtupu, mweupe, laini. Na katikati kabisa, mikono kifuani, mkali hadi vifungo vya shati vinahesabika, amesimama Kamusi.

Alikuwa amekuja kuona nitakosea wapi. Alisubiri kosa langu dakika mbili na sekunde kumi na sita bila kutikisika. Nimemuuliza kwa nini hakusogeza mwili hata kidogo. Akasema hakutaka kupitwa.

Mapumziko yamekwisha. Kamera leo jioni inarudi kabatini. Sina picha nyingine.

Jumatatu, 24 Novemba

Mwalimu alizipanga picha mezani na kusimama mbele ya yangu. Halafu akasema zimebaki mbili, hii na ya tangi. Ikiwa huyu msichana pekee uwanjani alipangwa, hii inashinda. Ikiwa ni ajali, inashinda ya tangi. Akaniuliza mbele ya watu wote.

Nilifundishwa kusema kweli. Nikasikia mdomo wangu ukisema nilimpanga.

Mwalimu akamgeukia Kamusi. Nikaona siku zangu thelathini na nne zikifutika moja moja. Kamusi akavuta pumzi, akasema ndiyo, alinisimamisha pale, na miguu bado inaniuma.

Nimeshinda. Nje ya mlango Kamusi ameniambia bei yake: nusu ya likizo, tena nusu ya kwanza. Kumi na saba kwake, kumi na saba kwangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema kweli achukue zote. Akasema yeye kwenye picha ya tangi hayumo.

Jumanne, 25 Novemba

Mwalimu mkuu ameiona picha. Ameniita ofisini na kusema mtu anayeweza kumpanga mwenzake hivyo ndiye anayefaa kupiga picha rasmi ya walimu wote ishirini na wawili, kesho saa nne, kwenye ngazi. Ikitoka vizuri, kamera tunaichukua. Isipotoka vizuri, inalala kabatini hadi shule ifunguliwe.

Kamusi amenifuata hadi getini akinisihi nipige kwa lenzi tupu, chap, tumalize, tuondoke na kamera yetu. Nimemweleza kwa upole kwamba hivyo hata mtoto anaweza. Mwalimu mkuu anastahili kioo chenye giza kuliko vyote shuleni. Walimu ni watu wa nidhamu. Kusimama dakika mbili na sekunde kumi na sita hakuwezi kuwashinda, na wenye kikohozi nimewaomba wakohoe mapema.

Mwalimu wa michezo nimemweka katikati. Hawezi kutulia, siku zote anarukaruka, lakini ana uso mzuri.