Arobaini ya Mwenye Nyumba

Wasafiri wote, matajiri kwa wachumia tumbo, mnatangaziwa kwamba Kochi nzima haina nyumba yenye historia, heshima na utulivu kama Vila Philomina, iliyojengwa na Wareno na kulaliwa na maaskofu watatu.

Tangazo hilo tukufu liliandikwa kwenye mfuniko wa boksi la viatu. Mwandishi alikuwa Antappan, dereva wa bajaji. Nyumba haikuwa yake, na askofu pekee aliyewahi kufika alikuja kuomba maji ya kunywa.

Mwenye nyumba, Bi Philomina, alikuwa amekwenda kuhiji kwenye kanisa la Velankanni kwa wiki mbili. Funguo alimwachia Antappan amwagilie maua. Alimwamini kwa sababu alikuwa amempa chumba cha uani akae bure, na mtu mwenye akili hakati tawi alilokalia. Lakini Antappan alikuwa na maneno na masharubu, si akili.

Jumatano asubuhi alimwona stesheni Bwana Khandelwal, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Jaipur, akigombana na mchukuzi juu ya rupia tano. Mkewe alikuwa amekalia sanduku, akitazama pembeni kama mtu aliyezoea.

"Tajiri, hoteli gani?" Antappan aliuliza. Alipotajiwa, akashika kichwa. "Ile? Mabomba yamepasuka tangu jana. Wageni wanaoga kwa chupa za soda!"

"Nimeshaweka nafasi."

"Nafasi ipo, tajiri. Maji ndiyo hayapo. Ila kuna nyumba ya kale, nusu bei."

Khandelwal aliposikia nusu bei, alipanda bajaji kabla ya mkewe.

Sebuleni aliuliza, "Mwenye nyumba yuko wapi?"

Antappan alinyoosha kidole ukutani. Pale palikuwa na picha ya Bi Philomina, imevishwa shada la asumini, na chini yake taa ndogo nyekundu, kama tunavyowafanyia waliotangulia mbele ya haki. "Mama yangu mzazi," alisema, akajifuta chozi ambalo halijafika.

Mama Khandelwal akaguna kwa huruma. Mumewe akafikiri kidogo. "Basi nyumba ya msiba. Bei ipungue tena."

Walikubaliana rupia elfu kumi na mbili kwa siku nne, taslimu.

Jumamosi asubuhi wageni walikuwa wakila appam, vile vitumbua bapa vya mchele, kwa mchuzi wa nazi pale mlango ulipofunguliwa. Marehemu aliingia na begi lake. Mama Khandelwal aliangusha kijiko. Antappan aliangusha sufuria.

Bi Philomina aliitazama picha. Akalitazama shada. Akamtazama Antappan muda mrefu, kama mtu anayechagua samaki.

"Msiogope, wanangu," aliwaambia wageni. "Mimi ni pacha wa marehemu."

Antappan alishusha pumzi. Alikosea.

"Nimekuja kwa arobaini na moja. Leo ndiyo siku. Mwanangu, biriani ya mtaa iko wapi?"

Siku za mwizi, husemwa, ni arobaini. Kochi tunaongeza moja, ya kumlisha kila mtu.

"Bi mkubwa, mi' sina—" alianza. Bi Philomina akamvutia jikoni kwa sikio.

"Chagua pa kulala," alimnong'oneza. "Uani kwangu, baada ya kunizika vizuri. Au ndani ya bajaji yako, kuanzia leo."

Antappan alirudi sebuleni akatangaza kwamba shughuli ipo. Hapo Khandelwal, mtu wa dini, akamkazia macho. "Kijana, umefiwa na mama na nywele zinang'aa mafuta hivyo? Kwetu mwana hunyoa."

"Sisi Wakristo hatuna hiyo, tajiri."

"Katika ukoo wetu tunayo," alisema Bi Philomina. "Pamoja na masharubu."

Kinyozi wa kona aliitwa. Masharubu yalianguka kwanza, na Mama Khandelwal akalia kwa dhati.

Mchana mtaa mzima ulifika. Wote walimjua Bi Philomina, wote walimwona mezani akijipakulia kichwa cha samaki, na hakuna aliyeuliza. Hatuharibu msiba wenye biriani. Ni mzee Ouseph tu, ambaye macho yamemchoka, aliyeomboleza kweli.

"Alikuwa mwema," alimwambia mwanamke wa kando yake. "Bahili lakini."

"Bahili?" aliuliza marehemu.

"Mno. Niongezee samaki, mama."

Elfu kumi na mbili ziliisha kabla ya vitamutamu. Khandelwal alidai arudishiwe kidogo, maana yeye alikula mboga tu.

Wageni walipokwenda kutembea, Bi Philomina alipanda kiti, akajivua shada la pichani. "Antappan hawezi hata kupigilia msumari," alisema. "Nani aliniua?"

Antappan, akipapasa mdomo ulio uchi, alielekeza kidevu dirishani. Pale dirishani nilikuwa mimi ninayewasimulia, binti wa nyumba ya pili, mwanafunzi wa bweni la masista, mpokeaji wa tuzo ya tabia njema.

"Ni mimi, shangazi," nilikiri. "Hata shada nilifunga mimi."

"Na sauti iliyonipigia simu Velankanni nirudi upesi?"

"Mimi pia."

Antappan alitoa kilio cha mfiwa halisi, cha kwanza siku hiyo.

"We mtoto!" Bi Philomina alishangaa. "Umemfundisha, kisha umemchongea. Kwa nini?"

Nilijaribu uongo wa aina mbili kimoyomoyo, wote haukutosha.

"Shule inafunguliwa Jumatatu, shangazi. Ungekawia, nisingeuona mwisho."