Kasha Kwanza, Kompyuta Baadaye

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kasha limekamilika! Mbao safi, vanishi mara tatu. Kompyuta ya gemu ya seremala haiwezi kukaa kwenye bati. Sasa bado vitu vya kutia ndani tu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi simu na mjuaji wa kila kitu, kapita karakana. Kacheka mpaka kashika mlango. Eti watu huchagua vifaa kwanza, kasha baadaye. Nikamwambia Jumapili aje aone ikiwaka. Mama mkwe alikuwepo, kafuata stuli yake, na mdomo ukaniponza: isipowaka, nitamwita shemeji "Mwalimu" maisha yangu yote, mbele za watu. Mama mkwe akasema amesikia.

Jumanne, tarehe 5

Dukani, futi mkononi. Nimechagua prosesa, ubongo wa kompyuta, ndogo inayopendeza, na madabodi, ubao wa kupachika vifaa vyote, pana inayojaza kasha. Muuzaji, dada mwenye miwani, akasema hizo mbili hazipatani, prosesa haikai pale. Nikamtoa wasiwasi: nina tupa mfukoni, nitaisugua kidogo ikae. Akanipokonya prosesa! Akaifungia kabatini.

Nimerudi mikono mitupu. Lakini afadhali, maana tupa ilikuwa imeshatoka mfukoni.

Jumatano, tarehe 6

Mpango wa siri. Nimemtuma mke wangu kwa kaka yake aulize, eti kwa niaba ya mwenzake wa kazini, angechagua vifaa gani. Ulizia juu juu, nikamsihi. Karudi na orodha nzima, mwandiko safi, kila kifaa na mwenzake. Chini imeandikwa: nisalimie huyo mwenzako, mwambie aache tupa nyumbani.

Yule dada wa dukani ana mdomo, kumbe anajuana na shemeji! Orodha nimeichukua hata hivyo. Aibu ya humu ndani inavumilika.

Ijumaa, tarehe 8

Nimenunua vyote kama vilivyoandikwa. Vimeingia, isipokuwa kadi ya picha, ile inayofanya gemu liende bila kukwama. Ndefu kuliko kasha! Jasho. Nikang'oa rafu ya ndani, nikapiga patasi nusu saa. Imeingia! Nilikaa sakafuni kwa furaha.

Pawa saplai, boksi la kulisha umeme, nimeibana nyuma na kuifunika kwa ubao mmoja safi, tundu la waya na matundu ya hewa tu. Hakuna chuma kinachoonekana. Nimesimama mlangoni nikaitazama kama mgeni.

Jumamosi, tarehe 9

Haiwaki. Nimebonyeza. Nimebonyeza kwa upole. Nimeitukana. Nimeiomba msamaha. Kimya!

Kila harusi, kila msiba: karibu, Mwalimu. Nikabuni njia: tuifiche kompyuta ya mkononi ya mke wangu chini ya kitambaa cha meza, picha za skrini zitoke huko, mimi nijifanye nabonyeza kasha. Amekataa. Hamdanganyi mama yake kwa sababu ya boksi.

Jumapili, tarehe 10

Wamefika. Mama mkwe kiti cha mbele. Shemeji kakunja mikono kifuani. Nikabonyeza. Kimya. "Mwa..." ikaanza kutoka.

Shemeji mwenyewe akainama nyuma ya kasha, akauliza swichi ya pawa saplai iko wapi. Swichi gani? Akasema kila moja inayo, hapo nyuma. Iko chini ya ubao wangu safi! Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubao. Imezimwa, tangu dukani. Nikaiwasha, nikarudisha waya, nikabonyeza. Feni zikavuma! Nusura nimkumbatie mama mkwe. Akatoa hukumu: imewaka, na sharti lilikuwa iwake. Nilimpenda shemeji yangu dakika nzima.

Jumatatu, tarehe 11

Nimelala kama mtoto. Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Ni la waliotengeneza pawa saplai. Nani anaweka swichi nyuma?

Mama mkwe sasa anataka kompyuta yake, ya gemu la karata. Shemeji kajitolea kuandika orodha kabla sijagusa mbao. Nimemshukuru, nikamwambia sihitaji, nimeshakuwa mzoefu. Na tena kachelewa: kasha dogo la mama mkwe limeshapigwa gundi tangu asubuhi, zuri mno. Kesho dukani kutafuta vya kutia ndani.

Tupa nitaiweka kwenye soksi. Dada mwenye miwani hawezi kuiona huko.