Dambar Khatiwada na Unga wa Mkojo

Dambar Khatiwada alikuwa bado hajaimaliza chai yake aliposikia utajiri ukizungumza kwenye meza ya pili. Bi Ambika, mwenye nyumba ya wageni kule Thamel, mtaa wa watalii mjini, alikuwa akimlalamikia bwana shamba wake. Nyanya zake za juu ya paa zimedumaa, na mbolea anayoitaka ni moja tu: ule unga mweupe uliokuwa ukitengenezwa kwa mkojo kijijini Thasigau. Fosforasi tupu! Lakini mradi umekufa, na wafadhili wamerudi kwao.

Dambar akageuza kiti.

"Mama, bahati yako kubwa. Mimi ndiye mkuu wa kitengo cha majitaka, wizarani."

Kitengo hicho kilizaliwa pale pale, pamoja na mkuu wake. Bi Ambika alitoa malipo ya awali kwa magunia matatu, lakini hakuzaliwa jana: alizuia pikipiki ya Dambar iwe dhamana. Ilikuwa nyekundu, na Dambar aliifuta vumbi kwa shati alilovaa. Kazi yake yote iliitegemea, maana tapeli anayekwenda kwa miguu hukamatwa.

Kesho yake asubuhi alishuka basi Thasigau, beji ya kujitengenezea shingoni. Astamaya Maharjan, mjane aliyeongoza kikundi cha wakulima, alikuwa ameinama juu ya kitalu cha mpunga. Miche ilikuwa ya njano. Siku ya kupandikiza ilikaribia, na madukani mbolea haikuwapo hata ya kunusa.

Kando ya kitalu lilisimama tangi la mkojo la mradi, kubwa kama chumba. Dambar alipoliona tu, aliuchomoa shatini uzi wake mtakatifu, alama ya tabaka la juu la Wahindu, akauzungusha sikioni usinajisike, kama Mbrahmini anayekwenda haja ndogo. Mikono akaificha mifukoni. Astamaya aliliangalia lile sikio, kisha ile mifuko.

"Mama," Dambar alianza, "ule unga wenu una sumu. Wizara imeamuru uteketezwe."

"Uwii, bwana mkubwa! Na sisi tumeutia kwenye mboga!" Astamaya akajishika kichwa. "Yamebaki magunia matatu ghalani. Yachukue, hata bure! Ila na tangi nalo limejaa. Tuletee magunia mawili ya chumvi ya magnesi tulitakase, la sivyo akina mama hawafungui ghala."

"Magnesi tu?"

"Magnesi tu, baba."

Laiti angemuuliza yule bwana shamba swali moja! Fosforasi imo ndani ya mkojo, lakini imeyeyuka, haionekani. Ukitia chumvi ya magnesi, ukakoroga, ukaacha utulie, inashuka chini ikiwa unga. Bila magnesi, tangi la mkojo ni tangi la mkojo. Dambar alikuwa ameuliza bei peke yake.

Siku ya tatu alirudi na gari la kukodi, chumvi ikiwa imenunuliwa kwa malipo ya Bi Ambika. Akina mama wakapakia magunia matatu yaliyoshonwa midomo.

"Fungua ukague, bwana mkubwa," alisema Astamaya. "Tia mkono."

"Mimi? Nishike mkojo?" Uzi ulikuwa sikioni tayari. "Serikali inawaamini wananchi wake. Twende, dereva!"

Akina mama walijifunika nyuso kwa shali, mabega yakitikisika.

Kule Thamel, Bi Ambika alipasua gunia kwa kisu cha jikoni. Ikamwagika chokaa ya nyumba iliyoangushwa na tetemeko, na kipande cha ukuta chenye msumari, kamba ya kalenda ikining'inia.

"Hii ndiyo fosforasi?"

"Ni... ni ya zamani, mama."

"Basi leta mpya, magunia matatu. Kabla ya hapo, ufunguo wa pikipiki usahau."

Dambar alipofika tena Thasigau, unga mweupe wa kweli ulikuwa umeanikwa juani kwenye vitambaa, kilo ishirini hivi, na Astamaya alikuwa akiunyunyiza kitaluni kwa vidole kama mtu anayetia chumvi mchuzini.

"Umenitapeli, bibi! Nakwenda polisi!"

"Nenda, mwanangu. Na beji usiisahau."

Dambar akaketi juu ya tofali, akamsimulia yote, tangu ukuu wa kitengo hadi pikipiki iliyozuiwa na Bi Ambika. Alionekana mdogo sana bila pikipiki.

"Huu ni wa mpunga wetu," Astamaya akasema kwa upole. "Wa Bi Ambika tutakutengenezea. Chumvi uliyoleta ni nyingi. Tulichopungukiwa ni mkojo."

"Mkojo kiasi gani?"

"Lita mia tano hutoa kilo moja. Wewe unataka magunia matatu, kilo mia na hamsini. Piga hesabu, mkuu wa kitengo."

Akamkabidhi mti wa begani na madumu mawili.

Tangu hapo Dambar hupita nyumba hadi nyumba na migahawa yote ya chai, uzi ukiwa sikioni kuanzia asubuhi hadi jioni, maana hapati nafasi ya kuushusha. Kilo nne zimepatikana. Juzi, kwenye kona nyembamba ya kijiji, pikipiki nyekundu ilimpigia honi apishe njia. Juu yake alikuwa mpishi wa Bi Ambika, ametumwa kuulizia mzigo, pua ameibana kwa vidole viwili.

"Sogea, mzee," alisema mpishi. "Usije ukaichafua."

Dambar akasogea, taratibu, asimwage hata tone.