Kisanduku cha Kuzalisha Ampea

Mke wa Injinia alikuwa amerudi kwao, na mama mkwe hakumung'unya maneno: "Uliahidi feni ya sola. Mpaka izunguke, mke huna." Injinia, ambaye chuo alichosomea bado hakijajengwa, akatoka kutafuta betri, maana feni tayari alikuwa nayo. Kununua? Hiyo ni kazi ya watu wasio na ulimi.

Akaziona mbili, kubwa, mlangoni kwa Mama Chaji, aliyekuwa akichajia watu simu kwa sola. Kesho yake akaja na kisanduku cheusi chenye kitaa chekundu.

"Shikamoo, mama. Umeme wako ni tasa. Ukipita humu, unazaa."

"Marahaba. Unazaa bila mume?"

"Bila mume, bila mkunga!"

Akakiunga kwenye sola, akatoa mita. Zinakoingilia, ampea mbili. Zinakotokea, karibu nne. Volti hakuzipima, maana ziliingia ishirini na nne zikatoka kumi na mbili: wingi, yaani ampea, ulipanda kwa kuwa msukumo, yaani volti, ulishuka, na umeme ni uleule, tena kidogo umepotea kwa joto. Mita ya laghai stadi haisemi uongo. Yeye huchagua tu pa kuiweka.

"Sasa betri za nini tena, mama? Nipe zile, nikuachie hiki. Nakuhurumia tu."

Mama Chaji akazitazama betri zake kwa majonzi. "Basi zipime, usije ukasema nimekupunja."

Volti kumi na mbili na nusu, kila moja. Injinia hakuwahi kukutana na mjinga mwenye adabu kiasi kile. Akazipakia mkokotenini, mgongo ukimlilia.

Kwa mkwe, feni ilizunguka mara tatu, ikasimama. Mama mkwe akajipepea kwa kifuniko cha sufuria, na mke akafunga mlango kwa ndani.

Injinia akarudi mbio dukani kwa Mama Chaji. Simu zilikuwa zimejaa hadi dirishani, zote zinachaji kupitia kisanduku chake.

"Mama, betri zako maiti!"

"Tangu mwaka jana, mwanangu. Volti zinazo, ampea hazina. Na hii sola mpya ina volti ishirini na nne, imeniunguzia chaja saba. Kisanduku kama hiki nimekitafuta mwezi mzima." Akachomeka simu nyingine. "Wewe ulinipimia ampea tu, nami nikakupimisha volti tu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Injinia aliuliza bila hila: "Na mke wangu je?"

"Mikono si unayo? Kampepee."